Kumchuja fundi kabla hajachimba msingi

Ndugu mwenyekiti, wanakikundi, na majirani mliokuja kusikiliza tu: mwangaluka.

Wengi wenu mna viwanja hapa Mwanza. Wengine Buswelu, wengine Kiseke, Buhongwa, Kisesa, na wachache kule Luchelele karibu na maji. Ramani mnazo, au mnajua pa kuzipata. Linalowanyima usingizi ni nani ataijenga hiyo nyumba. Na kila mkikaa kulizungumza, mnaanzia kwenye bei na kuishia kwenye bei: "Fundi wako anachukua shilingi ngapi kwa tofali?" Leo naomba bei ikae pembeni kwanza, tutaifikia. Bei ndiyo kitu chepesi kuliko vyote kudanganyia.

Tuanze na kalenda. Masika yetu ni Machi hadi Mei, vuli ni Oktoba hadi Desemba. Juni hadi Agosti ndipo watu wanachimba msingi, na ndipo wengi wanapoanza kutafuta fundi, pesa iko mfukoni na ardhi imekauka. Wamechelewa. Fundi anatafutwa Aprili, mvua ikiwa inanyesha, maana hapo nyumba zake za zamani zinamsema. Mwombe akupeleke kwenye nyumba tatu: moja anayoijenga sasa, moja aliyomaliza mwaka jana, na moja iliyokwisha kupigwa na masika mawili. Picha za kwenye simu mshukuru, lakini usizihesabu. Picha ya nyumba nzuri inaweza kuwa ya nyumba yoyote, hata ya Dodoma.

Mkifika kwenye ile ya masika mawili, msiangalie vigae wala gipsam. Zungukeni nje kwanza, polepole, mkitazama kuta kutoka chini kwenda juu. Mnasoma nyufa.

Ufa unaoshuka kama ngazi, unaofuata viungo vya tofali, mara nyingi maana yake msingi umekaa juu ya vitu viwili tofauti. Hii ndiyo kasoro ya nyumbani kwetu hapa Jiji la Mawe. Kiwanja cha mlimani kina mwamba upande wa juu, upande wa chini kina kifusi kilichomwagwa ili kusawazisha. Fundi akipitisha msingi mmoja juu ya vyote viwili, mwamba haushuki hata unywele, kifusi kinashuka kila mvua, na ukuta unachanika pale vinapokutana. Anayejua kazi anachimba upande wa kifusi mpaka auone udongo mgumu wa asili, kisha anashusha msingi kwa ngazi. Kila ngazi inakaa tambarare, na kimo chake kinalingana na kozi (mistari) kamili za tofali ili asije akaanza kukatakata. Pale msingi unapopanda juu ya jiwe, jiwe linachongwa liwe bapa. Zege halimwagwi juu ya mgongo wa jiwe ulioinama, litateleza.

Ufa wa mshazari unaotoka kwenye kona ya dirisha mara nyingi ni lenta, ile boriti ya juu ya dirisha, iliyokatwa fupi. Inatakiwa iingie ukutani si chini ya sentimita 20 kila upande. Ufa wa mlalo chini kidogo ya kenchi, zile mbao zinazobeba paa, mara nyingi ni mkanda wa juu, boriti ya zege inayozunguka kuta zote, ambao haupo, au upo wa nondo mbili badala ya nne. Ule mtandao wa nyufa nyembamba kama utando wa buibui kwenye plasta usiwatishe sana: plasta ilikauka haraka, haikumwagiliwa. Ila igongeni kwa ufunguo. Ikilia kama debe tupu, imeachana na ukuta na siku moja itaanguka vipande vipande.

Kama nyumba iko kwenye mteremko, kuna ukuta wa mawe wa kuzuia udongo. Inameni mtazame matundu ya kutolea maji. Yanatakiwa yawepo kila mita moja na nusu hivi, na nyuma yake kuwe na kokoto ili udongo usiyazibe. Ukuta usio na matundu unabeba udongo pamoja na maji yote yaliyojificha nyuma yake, na uzito huo hakuna aliyeupigia hesabu. Ndiyo maana kuta za namna hiyo huanguka usiku wa mvua kubwa, si mchana wa jua.

Halafu mtafuteni mwenye nyumba, fundi akiwa hayupo. Haya ndiyo ya kumuuliza: Fundi alikuwa akija mwenyewe, au alileta vijana siku ya kwanza akapotelea kwenye saiti zake nyingine nne? Bei ya ufundi ilipanda mara ngapi baada ya boma, yaani kuta bila paa, kusimama? Saruji iliyobaki ilionekana? Na la mwisho, ambalo mimi nalipa uzito kuliko yote: ulipompigia simu baada ya kukabidhiwa nyumba, alipokea?

Sasa karatasi. Kisheria na kimazoea tuna watu wa aina mbili, na tusiwachanganye. Kuna mkandarasi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1997. Wakandarasi wa majengo wana madaraja, la 1 ndilo la juu na la 7 ndilo la chini, na kila daraja lina ukomo wa thamani ya kazi. Mwambie akuonyeshe cheti, kisha usiishie kwenye cheti. Angalia kama ni cha majengo au cha barabara, angalia kama ada ya mwaka huu imelipwa, halafu jina hilo ulihakiki bodini wewe mwenyewe. Na jina la kampuni kwenye cheti lifanane na jina la akaunti unayoambiwa uingize pesa. Likitofautiana, simama hapo hapo. Cheti cha kuazima kipo mjini, kama ilivyo suti ya harusi.

Kuna na fundi wa mtaani, ambaye tuseme ukweli ndiye aliyejenga nyumba nyingi mnazozijua. Wapo wenye vyeti vya VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, na wapo waliojifunzia saiti kisha VETA ikawapima na kuurasimisha ujuzi wao. Cheti hicho ni kizuri kuwa nacho. Asipokuwa nacho si mwisho wa maneno, mradi nyumba zake zimeshinda mtihani wa mvua. Ila ukimchukua huyo, mlipe mhandisi au fundi sanifu wa majengo aje saiti mara nne tu: mitaro ikiwa wazi kabla ya zege, nondo zikiwa zimefungwa kabla ya kumwaga mkanda, lenta zikiwa kwenye mbao, na kenchi zikiwa juu kabla ya bati. Ziara nne hizo zitakugharimu kidogo kuliko kubomoa ukuta mmoja. Na nyumba ya ghorofa msimpe fundi wa mtaani hata kama ni mcha Mungu. Hapo ni mkandarasi aliyesajiliwa na mahesabu ya mhandisi, basi.

Kipimo kingine cha mtu ni kibali cha ujenzi. Mwambie kwamba kibali hakijatoka, Jiji au Manispaa ya Ilemela, kisha msikilize. Akijibu "Mama, tuanze tu, tutamalizana nao mbele ya safari," umeshamjua. Ile X nyekundu ya kubomolewa haichorwi kwenye nyumba ya fundi. Wale wa Luchelele na wa fukwe nyingine, sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Fundi mzoefu wa pwani ya ziwa anaanza kwa kuuliza mpaka wa maji uko wapi, maana mwaka 2020 Ziwa Victoria lilipanda na kuingia kwenye nyumba ambazo wenyewe waliapa ziko mbali.

Bado hatujagusa bei. Kabla yake kuna swali moja la kumuuliza mkiwa mmesimama kiwanjani: "Hapa msingi utakwenda chini kiasi gani?"

Akikutajia namba hapo hapo, futi mbili, futi tatu, huyo anakariri. Jibu la fundi ni, "Tuchimbe kwanza mashimo mawili matatu tuone." Hasa kwenye mabonde yetu yenye udongo mweusi wa mbuga. Udongo ule unavimba ukinywa maji na kusinyaa ukikauka, hadi unaingiza kiganja kwenye ufa wa ardhi mwezi wa nane. Nyumba iliyowekwa juu yake inapanda na kushuka kila mwaka. Mbuga ikiwa nyembamba, inachimbwa na kuondolewa yote chini ya msingi na chini ya jamvi, yaani zege la sakafu, kisha inajazwa moramu, udongo wa changarawe, kwa tabaka za sentimita 15, kila tabaka likishindiliwa kabla ya lingine. Ikiwa nene kuliko mnavyoweza kuchimba, huyo ni mgonjwa wa mhandisi. Fundi anayesema mbuga na kichanga ni mamoja, mpe nauli arudi kwao.

Mkiwa hapo hapo mpe kazi ndogo ya majaribio, umlipe siku yake. Apige kona moja ya nyumba. Avute kamba, apime mita 3 upande mmoja, mita 4 upande wa pili, na mshazari usome mita 5 kamili. Ukisoma 5 na sentimita 4, kona haijakaa, na kosa hilo mtakutana nalo tena kwenye vigae na kwenye bati. Kisha ahamishe usawa kutoka kona hadi kona kwa mpira wa maji. Tazama kama anatoa mapovu ndani ya mpira kabla ya kusoma. Povu moja linatosha kukudanganya, na asiyelijua hilo hajawahi kufundishwa.

Muulize na zege. Zege la mkanda na jamvi ni 1:2:4, saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne, kila mtu atakujibu hivyo, kwa hiyo muulize kwa ndoo. Mfuko wa saruji wa kilo 50 ni kama lita 35. Maana yake ndoo 3 na nusu za lita 20 za mchanga, ndoo 7 za kokoto, na maji lita 25, isizidi 28. Anayepima kwa beleshi au kwa toroli lililofurika, mchanganyiko wake wa asubuhi na wa jioni hautafanana. Anayeongeza maji ili zege liteleze vizuri anaokoa mgongo wake na kuua zege lako. Kuhusu mchanga, ziwa letu ni la maji baridi, kwa hiyo hatuna shida ya chumvi kama ndugu zetu wa Pwani. Shida yetu ni matope. Jaza chupa ya maji nusu kwa mchanga, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa, iache itulie kwa muda wa saa tatu. Utelezi ukikaa juu ya mchanga kwa kimo kinachozidi sehemu moja ya kumi, ukatae mzigo ukiwa bado kwenye gari.

Haya, bei.

Bei tatu zilizotolewa juu ya vitu vitatu tofauti hazilinganishwi. Mmoja amehesabu plasta ndani na nje, wa pili ndani tu, wa tatu hakuhesabu karo la choo, na kiwanja chote ni mawe. Wewe ndiwe unayeandika karatasi moja ya vipimo, au unamlipa mkadiriaji majenzi akuandikie, na wote watatu wanajaza bei zao humo humo. Kuvunja mawe kuwe na mstari wake peke yake, kwa bei ya kila mita ya ujazo, kwa sababu ndipo ugomvi unapoanzia Mwanza nzima: "Bosi, tumekutana na jiwe."

Chukueni nyumba ya vyumba vitatu yenye kuta za jumla ya mita 70, kimo mita 3. Hizo ni mita za mraba 210. Toa milango na madirisha, tuseme 30, zinabaki 180. Tofali la inchi 6 likisimamishwa, mita moja ya mraba inakula kama tofali 9, kwa hiyo ni 1,620. Msingi wa kimo cha sentimita 90, tofali zikilazwa, ni mita za mraba 63, na kila moja inakula kama 13, yaani 819. Jumla 2,439. Ongeza asilimia 5 ya kuvunjika, ni kama 2,560. Fundi akikuletea orodha ya tofali 4,000, ama hajui hesabu ama kuna nyumba nyingine inajengwa kwa pesa yako. Akileta 1,800, atakuja kukuomba nyingine katikati ya kazi. Jamvi la mita za mraba 100 kwa unene wa sentimita 10 ni mita za ujazo 10. Mita moja ya ujazo ya 1:2:4 inakula mifuko 6 na kitu, kwa hiyo saruji ni kati ya mifuko 60 na 65. Aliyeandika 40 si kwamba anakuonea huruma. Anapanga kuchakachua.

Bei ya chini sana kuliko wenzake isikufurahishe wala isikukimbize. Mwite akufafanulie mstari kwa mstari. Mara nyingi utagundua kuna kitu amekiruka, na hicho atakuja kukidai siku boma limefika kwenye lenta na wewe huna tena pa kukimbilia.

Vifaa nunua mwenyewe kama unaweza, maana fundi akinunua kuna cha juu dukani, na kinalipwa kwenye ubora. Kwa nondo nendeni na mizani. Nondo ya mm 12 yenye urefu wa mita 12 ina uzito wa kilo 10.7 hivi, ya mm 10 kilo 7.4, ya mm 16 kilo 19. Ukipima ya mm 12 ukakuta kilo 8, umeuziwa nyembamba yenye jina la nene, na jicho peke yake haliwezi kuigundua. Bati nalo lisemwe kwa geji, namba ya unene, kwenye karatasi. Geji 30 ni jembamba kuliko geji 28, namba ikipanda unene unashuka, na kuna wanaouza wakitegemea mteja adhani kinyume chake.

Malipo. Fundi mwaminifu anahitaji kitu cha kuanzia, akodishe vifaa, alishe vijana. Asilimia 10 ya ufundi inatosha. Anayetaka nusu kabla ya kushika jembe anamalizia deni la saiti nyingine kwa pesa yako, na wewe utamaliziwa kwa pesa ya atakayefuata, kama atapatikana. Mgawanyo ninaoupendekeza ni huu: 10 kuanza, 25 msingi na jamvi vikikamilika, 20 boma likifika lenta, 10 mkanda wa juu, 15 kupaua, 10 plasta, na 10 za mwisho mnazigawa: 5 siku ya kukabidhi, 5 zinabaki kwako kwa kipindi cha matazamio, muda wa fundi kurudi kurekebisha kasoro zikijitokeza. Weka miezi 6 angalau, na miezi hiyo iguse msimu mmoja wa mvua, la sivyo haina kazi. Ukikabidhiwa Mei matazamio yakaisha Novemba mwanzoni, vuli bado hata haijachanganya. Sogeza mpaka Januari.

Mkataba si lazima uwe wa kurasa ishirini. Majina kamili na namba za vitambulisho vya taifa, ramani na ile karatasi ya vipimo viambatanishwe na kusainiwa kila ukurasa, hatua za malipo, tarehe ya kuanza na kumaliza, nani analeta maji ya kumwagilia zege kwa siku 7, nani analinda vifaa usiku, nani anamtibu kijana akianguka kwenye jukwaa. Na mstari unaosema kwamba kazi ya ziada hailipwi kama haikuandikwa na kusainiwa kabla ya kufanyika. Huo mstari mafundi wengine wataupinga. Wasikilizeni wanaupinga kwa sababu gani.

Nimeletewa swali kwa karatasi, na nadhani aliyeandika si peke yake: fundi akiwa shemeji yako, unamchujaje? Unamchuja kama wengine, nyumba tatu, chupa ya mchanga, tatu nne tano. Mkeo au mumeo asiwe ndiye anayepeleka pesa saiti, na saini ya shahidi isiwe ya mkwe. Ukiona aibu kumpa shemeji mkataba, mwambie kikundi ndicho kinachodai, hakitoi mkopo bila huo. Katibu ameshakubali kubeba lawama, na fomu za kuanzia anazo pale mezani.